Padri wa Bruges na Kanoniko wa Liège: Watu wawili katika historia ya hesabu

Mwanafunzi akifika madarasa ya juu ya sekondari hukutana na mambo mawili yanayomtoa jasho. La kwanza ni milinganyo ya logaritimu. La pili ni kutafuta mwinamo wa mstari wa kupinda ambao mlinganyo wake una herufi mbili, x na y, zilizochanganyika hata hazitengani. Mwalimu humpa kanuni, naye huishika kwa kichwa mpaka siku ya mtihani. Wazazi wake wakitazama daftari hudhani mambo hayo yalishuka hivyo hivyo, bila mwenyewe. Sivyo. Yalitoka kwa watu waliokesha, waliokosea, walioandikiana barua. Na wawili kati yao walikuwa watumishi wa Kanisa, mmoja Mjesuiti aliyezaliwa Bruges, mwingine kanoniko wa Liège. Tunataka kusimulia habari zao, kwa sababu wa kwanza hutajwa mara nyingi kwa kosa lake tu, na wa pili karibu hatajwi kabisa.

Tuanze na logaritimu, maana ndizo zilizotangulia. Mnamo mwaka 1600 mtaalamu wa nyota aliyetaka kujua mahali pa sayari alipaswa kuzidisha namba za tarakimu saba au nane, si mara moja, bali mara mia na mara elfu. Kuzidisha ni kazi nzito, na kosa dogo huharibu yote. Kujumlisha ni kazi nyepesi. Je, haiwezekani kugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha? Tazameni safu hizi mbili:

0, 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10
1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512, 1024

Safu ya juu inakwenda kwa kuongeza moja, ya chini kwa kuzidisha mara mbili. Ukitaka kuzidisha 16 kwa 64, tazama zilizo juu yao: 4 na 6. Zijumlishe, utapata 10. Chini ya 10 iko 1024, na hilo ndilo jibu. Hukuzidisha kitu. Michael Stifel, Mjerumani, alikwisha kuliona jambo hili na kuliandika katika kitabu chake cha mwaka 1544. Taabu ni kwamba safu ya chini ina mapengo makubwa. Namba 17 iko wapi? Na 50 je?

Aliyeziba mapengo hayo ni John Napier, mwenye ngome ya Merchiston karibu na Edinburgh, nchi ya Uskoti. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini hivi, akaitoa mwaka 1614, naye ndiye aliyetunga jina lenyewe, logaritimu. Katika dini alikuwa mpinzani mkali: mwaka 1593 alikuwa ametoa kitabu juu ya Ufunuo wa Mtakatifu Yohane, cha kumpiga vita Papa. Lakini namba hazina habari hiyo, na baada ya muda si mrefu Wajesuiti walizitumia logaritimu zake kama wengine. Mwaka 1615 Henry Briggs, mwalimu wa hesabu mjini London, alifunga safari ndefu mpaka Edinburgh kumwona. Wakapatana kwamba yafaa zaidi logaritimu ya 1 iwe 0, na ya 10 iwe 1. Napier alikufa mwaka 1617, na Briggs akaendelea. Mwaka 1624 alitoa kitabu chenye logaritimu za namba 1 hadi 20,000 na 90,000 hadi 100,000, kila moja na tarakimu 14 baada ya nukta. Pengo la katikati lilijazwa mwaka 1628 na Mholanzi Adriaan Vlacq. Hizo ndizo logaritimu ambazo vizazi vingi vya wanafunzi walizisoma katika vitabu vya majedwali, mpaka mashine ndogo za kuhesabia zilipoenea miaka ya 1970.

Sasa tuje kwa Padri wetu. Grégoire de Saint-Vincent alizaliwa Bruges mwaka 1584. Dola ya Ubelgiji haikuwapo bado, maana ilianza mwaka 1830 tu. Nchi ya Flandria ilikuwa chini ya mfalme wa Hispania. Aliingia Shirika la Yesu mjini Roma mwaka 1605, akafundishwa na Padri Clavius, yule aliyeshughulikia kalenda mpya ya Papa Gregori XIII ya mwaka 1582. Baadaye alifundisha hesabu Antwerp na Louvain, na huko akajitia katika swali la kale ambalo liliwashinda Wagiriki: kuchora mraba ambao eneo lake ni sawasawa kabisa na eneo la duara fulani, kwa rula na bikari tu.

Alidhani amelipata jibu. Mwaka 1625 alikwenda Roma kuomba ruhusa ya kulichapa. Wakubwa wake hawakuridhika na hoja zake, akarudi bila ruhusa. Kisha akapelekwa Praha. Mwaka 1631 vita ilifika hapo, askari wa Saksonia wakauteka mji, naye akakimbilia Vienna, akiziacha nyuma karatasi zake zote, kazi ya miaka mingi. Mjesuiti mwenzake, Rodrigo de Arriaga, aliziokoa, lakini zilimrudia baada ya miaka kama kumi, naye yuko Ghent, mtu mzima mwenye afya mbovu.

Kitabu kilitoka Antwerp mwaka 1647. Kilikuwa na kurasa zaidi ya 1,200. Picha ya mbele ilionyesha miali ya jua ikipita katika fremu ya mraba na kuchora duara juu ya ardhi, yaani mraba umegeuka duara! Na hapo ndipo alipopigwa. Mwaka 1651 Christiaan Huygens, kijana Mholanzi wa miaka 22, alionyesha mahali hoja ilipovunjika. Leo twajua kwamba hakuna awezaye kulifanya jambo hilo: mwaka 1882 Mjerumani Lindemann alithibitisha kwamba haliwezekani kabisa. Basi Padri Grégoire akawa mtu wa kuchekwa, na wengine walikitupa kitabu kizima kwa ajili ya kosa hilo. Sisi twaona hukumu hiyo si ya haki. Ndani ya kurasa zile mlikuwa na dhahabu, nayo haikuwa katika duara bali katika mstari mwingine uitwao hiperbola.

Tuueleze kwa mfano wa shamba. Chora mstari wa chini, uupime kwa hatua: 1, 2, 3 na kuendelea. Juu ya kila hatua simamisha mti, na kanuni ni moja: namba ya hatua ikizidishwa kwa urefu wa mti lazima iwe 12. Basi penye 1 mti una urefu wa 12, penye 2 una 6, penye 3 una 4, penye 4 una 3, penye 6 una 2, penye 12 una 1. Ukiunganisha vichwa vya miti yote, na ya katikati pia, utapata mstari unaoshuka ukipinda, usioifikia ardhi kamwe. Hiyo ndiyo hiperbola. Sasa pima eneo lililo chini yake kuanzia 1 hadi 2. Kisha pima kuanzia 2 hadi 4. Kipande cha pili ni kipana mara mbili, lakini miti yake ni mifupi nusu, kila mmoja ukilinganishwa na mwenzake. Kwa hiyo maeneo ni sawa! Na kuanzia 4 hadi 8 ni sawa tena, na kuanzia 3 hadi 6 vilevile. Padri Grégoire aliona kwamba hatua zikiongezeka kwa kuzidisha, maeneo huongezeka kwa kujumlisha.

Msomaji amekwisha kuzikumbuka zile safu mbili za juu. Lakini Padri Grégoire mwenyewe, ajabu, hakulitamka neno logaritimu mahali hapo. Aliyelitamka ni Mjesuiti mwingine wa nchi ile ile, Alphonse Antonio de Sarasa, aliyezaliwa Nieuwpoort mwaka 1618. Padri Mersenne wa Paris, mtu aliyeandikiana na wataalamu wote wa wakati wake, alikuwa amesema kwamba kitabu cha Grégoire hakikumaliza swali la duara, bali kimelihamishia kwenye swali jingine, gumu vilevile, juu ya logaritimu. Sarasa akamjibu kwa kijitabu mwaka 1649: maeneo ya chini ya hiperbola yana tabia ile ile ya logaritimu. Hebu tujaribu. Eneo la 1 hadi 6 ni eneo la 1 hadi 2 pamoja na eneo la 2 hadi 6. Lakini la 2 hadi 6 ni sawa na la 1 hadi 3, maana ni upana mara mbili na urefu nusu. Kwa hiyo eneo la 6 ni eneo la 2 kuongeza eneo la 3. Na 6 ni 2 mara 3. Kuzidisha kumegeuka kujumlisha, bila jedwali la Napier, kwa kupima shamba tu.

Miti ikiwa mifupi, yaani hatua mara urefu iwe 1 badala ya 12, maeneo hayo ndiyo logaritimu za asili. Jina hilo alilitumia Nicolaus Mercator katika kitabu cha mwaka 1668. Tusimchanganye na yule Mercator wa ramani, Mflandria wa Rupelmonde, aliyekufa zamani, mwaka 1594.

Sharti hili la kuzidisha na kujumlisha ndilo funguo la milinganyo yote ya logaritimu. Mwanafunzi apewa: logaritimu ya x, kuongeza logaritimu ya x − 3, ni 1. Atafute x. Kwa kuwa jumla ya logaritimu ni logaritimu ya mazao, x mara (x − 3) ina logaritimu 1. Na namba yenye logaritimu 1, kwa mapatano ya Briggs na Napier, ni 10. Basi x² − 3x = 10. Zinatoka namba mbili, 5 na −2. Ya kwanza yafaa: logaritimu ya 5 ni 0.69897, ya 2 ni 0.30103, jumla 1 kamili. Ya pili lazima ikataliwe, na hapa wanafunzi wengi hupoteza pointi kwa kuiacha imekaa. Kwa nini ikataliwe? Rudini shambani. Eneo hupimwa kuanzia hatua 1, kwenda kulia au kurudi kushoto; lakini ukirudi kuelekea 0 miti hurefuka bila mwisho na eneo hukua bila kikomo. Hakuna njia ya kuvuka 0 uende kwenye −2. Hata wakubwa waligombana juu ya jambo hilo: Leibniz na Johann Bernoulli waliandikiana mwaka 1712 na 1713, mmoja akisema namba za chini ya 0 hazina logaritimu za kweli, mwingine akisema zina logaritimu sawa na wenzao wa juu. Leonhard Euler ndiye aliyeimaliza kesi mwaka 1749: zinazo, lakini ni za namna nyingine ya namba, ambazo mwanafunzi wa sekondari hazihitaji katika swali letu. Bernoulli alikuwa ameshindwa.

Sasa tuhamie Liège. René-François de Sluse alizaliwa Visé, kando ya mto Meuse, mwaka 1622. Alisoma Louvain, kisha Roma, akapata udaktari wa sheria mwaka 1643, akakaa huko miaka kadhaa. Aliporudi alifanywa kanoniko wa kanisa kuu la Mtakatifu Lambert. Liège ilikuwa nchi ya peke yake, chini ya askofu aliyekuwa pia mtawala, na kanoniko mwenye elimu ya sheria alipewa kazi nyingi za serikali. Hakupata nafasi ya kuzungukazunguka Ulaya. Hesabu alizifanya usiku, tuseme, na kwa barua: aliandikiana na Pascal, na Huygens, na Michelangelo Ricci wa Roma ambaye baadaye alifanywa Kardinali, na Oldenburg aliyekuwa katibu wa chama cha wataalamu mjini London.

Swali lililowasumbua wote lilikuwa la mstari wa mguso. Ukiwa na mstari wa kupinda, na nukta moja juu yake, mstari ulionyooka unaougusa pale, ukishika mwelekeo wake wa saa ile, una mwinamo gani? Kama y iko peke yake upande mmoja, kazi si ngumu. Lakini mwaka 1638 Descartes, akitaka kumtega Fermat, alitoa mstari ambao tuuandike hivi: x³ + y³ = 6xy. Jaribu kuitoa y iwe peke yake, utaona taabu. Iko imefichama pamoja na x kama watu wawili waliofunga mlango. Fermat hakunaswa, aliupata mstari wa mguso. Walakini kila mstari mpya ulidai akili mpya na kurasa za hesabu.

Kanoniko de Sluse alitafuta njia ambayo hata mtoto angeweza kuifuata, bila kuufungua mlango ule. Barua yake kwa Oldenburg ilichapwa London mwaka 1673. Kanuni ni hii. Weka upande wa kushoto kila kipande chenye y, na upande wa kulia kila kipande chenye x. Kipande chenye zote mbili kiandike pande zote mbili, kikibadilishwa alama. Kushoto, zidisha kila kipande kwa kipeo cha y. Kulia, zidisha kwa kipeo cha x, kisha x moja katika kila kipande uiondoe na kuweka herufi t mahali pake. Hiyo t ni umbali, juu ya mstari wa chini, kati ya nukta iliyo chini kabisa ya nukta yetu na mahali mstari wa mguso unapokata. Ukiijua t, gawanya y kwa t, na mwinamo umepatikana.

Tuijaribu kwa mtego wa Descartes, penye x = 3 na y = 3. Nukta hii iko juu ya mstari kweli, maana 27 + 27 = 54, na 6 mara 9 ni 54. Kushoto tuna y³ − 6xy, kulia tuna −x³ + 6xy. Baada ya kuzidisha kwa vipeo: kushoto 3y³ − 6xy, kulia −3x²t + 6yt. Tia namba: kushoto 81 − 54, yaani 27, kulia −27t + 18t, yaani −9t. Basi t ni −3, na mwinamo ni 3 kugawanya kwa −3, yaani −1. Mistari mitano tu! Mwanafunzi wa leo atafanya kwa namna yake: atanyambua pande zote mbili, akikumbuka kwamba y hubadilika pamoja na x, atapata 3x² + 3y²y′ = 6y + 6xy′, ataikusanya y′, naye atapata −1 ile ile. Ni kazi moja iliyovaa nguo mbili.

Sluse hakuwa peke yake. Mholanzi Hudde alikuwa na kanuni iliyo karibu na hiyo, na Newton alimweleza Collins njia yake kwa barua ya tarehe 10 Desemba 1672, muda mfupi kabla barua ya Liège haijachapwa. Wengine wamebishana nani alikuwa wa kwanza. Kwetu sisi jambo kubwa ni kwamba Sluse aliitoa hadharani, kila mtu aisome, wakati Newton aliificha ya kwake katika sanduku. Mwaka 1674 chama cha London kilimpokea Kanoniko kuwa mwanachama.

Njia hizi mbili, ya Bruges na ya Liège, zilikutana mikononi mwa mtu mmoja. Leibniz alifika Paris mwaka 1672, akijua hesabu kidogo tu. Huygens, yule yule aliyemvunja Padri Grégoire, ndiye aliyemshauri asome kitabu cha Padri Grégoire! Alijua ndani yake mna nini. Kanuni ya Sluse pia Leibniz aliijua vizuri, na mwaka 1684 alipotoa kalkulasi yake alionyesha kwamba kanuni ya namna hiyo si lazima ikae kwenye vipeo vizima tu; yafanya kazi pia penye mizizi na sehemu.

Na kwenye logaritimu je? Fikiri tena shamba la miti mifupi. Ukisogeza ukingo wa kulia kidogo sana, eneo huongezeka kwa kipande chembamba ambacho urefu wake ni ule wa mti wa mwisho, yaani 1 kugawanya kwa x. Kwa hiyo mwinamo wa logaritimu ya asili ya x ni 1/x. Ukilijua hilo pamoja na njia ya Sluse, unaweza kufungua hata milinganyo ambayo yeye hakuigusa. Johann Bernoulli alifanya hivyo mwaka 1697 kwa y = xˣ, namba iliyopandishwa kwa kipeo chake yenyewe. Kanuni ya vipeo haisaidii, maana kipeo nacho hakitulii. Chukua logaritimu pande zote: logaritimu ya y ni x mara logaritimu ya x. Sasa y imefichama ndani ya logaritimu, lakini haidhuru: upande wa kushoto hutoa y′/y, wa kulia hutoa logaritimu ya x kuongeza 1. Penye x = 2, y ni 4, logaritimu ya asili ya 2 ni karibu 0.693, na mwinamo ni 4 mara 1.693, yaani 6.77.

Padri Grégoire alikufa Ghent mwaka 1667, na Sarasa mwaka huo huo. Kanoniko de Sluse alikufa Liège tarehe 19 Machi 1685, mwaka mmoja baada ya Leibniz kutoa kalkulasi yake. Kanisa kuu la Mtakatifu Lambert lilianza kubomolewa mwaka 1794, wakati wa mapinduzi, na leo mahali pake ni uwanja wa mji. Barua za Kanoniko zilisalimika. Zilikusanywa na kuchapwa mwaka 1884.